Siku Gesi Ilipogeuka Maji Nyumbani kwa Fundi Hamisi

Sifa njema ni zake Mola aliyetandaza hewa juu ya vichwa vyetu na kuteremsha maji kutoka mawinguni, akaweka baina ya viwili hivyo siri ambazo wanadamu huzigundua kidogo kidogo, tena kwa kukosea. Rehema na amani zimfikie Mtume wake na watu wake. Namshukuru kwa macho yaliyobaki, kwa mkono ambao bado unashika kalamu, na kwa miaka mingi ya kazi ambayo ndani yake niliteleza mara nyingi, naye akanisitiri.

Wanangu, mnaoingia maabara leo mkiwa na mashine zinazotoa majibu kabla hamjamaliza kupiga chafya, nisikilizeni kidogo. Mimi ni Athumani. Nilikuwa mpimaji katika maabara moja mjini Nairobi, tukipima miale ile isiyoonekana inayotoka katika baadhi ya madini, dawa na vyombo. Nyumbani kwangu ni Umoja, tangu enzi zile nyumba zikiwa bado zinanuka saruji mbichi na kila mtu anapanga ataongeza chumba upande gani. Asubuhi nilitoka Umoja, jioni nikarudi Umoja, na katikati kazi yangu ilikuwa kushuku.

Sisemi kwa mzaha. Mkuu wetu, Bi Achieng, ambaye wote tulimwita Madam, alinifundisha hivyo siku ya kwanza. Alikuwa mwanamke mrefu kutoka Kaloleni, mwimbaji wa kwaya ya kanisa lao, na sauti yake ilipita kuta mbili. Alinipa chupa ya maji akaniambia niandike kilichomo. Nikaandika: maji. Akaniuliza, "Umejuaje?"

"Naona, Madam."

"Umeona kimiminika kisicho na rangi. Rudi ukae nacho."

Nilikaa nacho hadi adhuhuri. Ilikuwa spiriti iliyochanganywa na maji, na nilikuwa sijainusa kwa kuwa hakuna aliyeniambia ninuse. Tangu hapo nikawa mtu wa shaka. Nilishuku mizani, nilishuku vibandiko vya chupa, nilishuku hata chai ya ofisini. Mke wangu marehemu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kuolewa na mpimaji ni kama kuishi na askari wa forodha.

Sasa niwaambie kuhusu tritiamu, maana ndiyo iliyonifunza kuliko yote.

Haidrojeni mnaijua, gesi nyepesi kuliko zote. Tritiamu ni ndugu yake mzito, mwenye miale. Zamani zile wazungu waliijaza ndani ya mirija midogo ya kioo iliyopakwa unga maalumu kwa ndani. Miale ya gesi inapougusa ule unga, unga hung'aa kijani, mchana na usiku, bila umeme wala betri, kwa miaka. Waliitumia kwenye saa, kwenye dira, na kwenye vibao vya kuonyesha mlango wa kutokea ndani ya ndege.

Miale yake ni dhaifu mno. Haipenyi kioo, haipenyi hata ngozi ya mtu. Kile kifaa cha kupimia kinacholia tik-tik, ambacho watu hupenda kukiona tukikizungusha, hakisikii kitu. Mwaka wangu wa pili nilikizungusha juu ya meza iliyomwagikiwa tritiamu, kikanyamaza, nikawatangazia wenzangu kwamba meza ni safi. Madam akasema, "Athumani, kiziwi amekwambia hakuna kelele." Ili kuipata tritiamu inabidi uchukue maji, uyachanganye na dawa inayomulika kila inapopigwa na miale, uyaweke ndani ya mashine yenye giza totoro, na mashine ikae inahesabu mimuliko mmoja mmoja. Mkojo wa mtu ndio hupimwa, kwa sababu nitakayowaeleza.

Na hapa nicheke kidogo juu yangu mwenyewe. Kila unapopima mkojo wa mtu unayemshuku, lazima uwe na mkojo wa mtu safi wa kulinganisha. Kwa miezi kadhaa mtu safi nilikuwa mimi. Basi ikatokea kwamba hesabu ya mtu safi inapanda. Nikashuku mashine. Nikabadilisha dawa. Nikashuku maji ya bomba, nikashuku chupa, nikamshuku msafishaji wa maabara, maskini, nikamhoji kama mwizi. Madam akaingia, akanishika mkono wa kushoto, akaniuliza saa ile nimeitoa wapi. Ilikuwa saa yenye kisanduku cha plastiki na namba zinazong'aa, zawadi ya shemeji yangu, baharia. Tritiamu yenyewe, si miale yake, ilikuwa ikipenya plastiki, inapita ngozi yangu, inatoka kwenye mkojo wangu. Mtu safi alikuwa mchafu kuliko washukiwa.

Nilimwomba msafishaji radhi. Alikubali, lakini tangu siku ile alipopita mezani kwangu alikuwa akinyanyua mikono yote miwili juu na kusema, "Sijashika kitu, afisa."

Turudi kwenye gesi. Jambo ambalo kila mmoja wenu lazima alijue ni hili. Tritiamu ikiwa gesi, ukiivuta inaingia mapafuni na kutoka karibu yote. Mwili hauna haja nayo. Lakini ikiungana na oksijeni inakuwa maji. Si kitu kinachofanana na maji, ni maji hasa, na mwili hauwezi kuyatofautisha na yale uliyoyanywa kwenye gilasi. Unayavuta kama unyevu wa hewa, yanaingia hata kupitia ngozi, yanasambaa hadi kwenye damu, jasho, machozi, maziwa ya mama na mkojo, ndiyo maana tunapima mkojo. Kwa sababu hiyo, kiasi kilekile kikiwa maji ni hatari mara maelfu kuliko kikiwa gesi.

Kinachomwokoa mwanadamu ni kwamba gesi hii haina haraka. Ikivunjika chupa mahali pa wazi, gesi inapanda na kutawanyika, na inayogeuka kuwa maji hewani kwa siku nzima haifiki hata sehemu moja katika mia. Udongoni inageuka upesi zaidi, kwa kuwa kuna vijidudu vinavyoila. Baadhi ya metali nazo huiharakisha. Lakini kinachoiharakisha kuliko vyote ni moto. Ipitishe gesi hiyo penye moto au makaa mekundu, na papo hapo unapata mvuke wa maji. Mtu akivunja mrija akakimbia, hana neno. Akivunja mrija chumba kikiwa kimefungwa na moto unawaka, hapo ndipo mpimaji anatakiwa aanze kuuliza maswali.

Mimi niliuliza maswali. Tatizo lilikuwa nani niliyemuuliza.

Fundi Hamisi alikuwa mtengenezaji saa, jirani yangu nyumba ya nne, hapohapo Umoja. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye lenzi ya jicho moja iliyomwachia alama ya duara usoni hata siku ya Idi. Sebule yake ndiyo ilikuwa karakana: meza chini ya dirisha, na kuta zote saa, kila moja ikiamini wakati wake. Nyuma ya pazia kulikuwa na chumba cha ndani, na siku ninazozisimulia chumbani humo alilala mkewe, Bi Zuhura, aliyekuwa amejifungua mtoto wa kike wiki mbili zilizopita. Mama yake Zuhura, Bi Mwanaisha, alikuwa amekuja kutoka Majengo kumlea mzazi mpaka arobaini itimie.

Hamisi alikuwa akitengeneza saa ya ukutani kwa ajili ya msikiti. Alitaka namba zake zionekane alfajiri hata umeme ukikatika, na wakati ule umeme ulikatika kama una hasira na sisi. Katika vyuma chakavu vya Kariobangi alikipata kibao kidogo cha ndege, mirija minne inang'aa. Akaona Mungu amemjibu. Asubuhi moja akaanza kukata mrija wa kwanza kwa tupa. Mrija ukapasuka, ukazimika palepale. Ndipo alipogeuza kibao na kusoma maandishi ya nyuma, na kuona ile alama ya mapanga matatu inayoonya kuhusu miale.

Kesho yake alikuja maabara na kibao amekizungushia gunia. Alinieleza yote bila kuficha. Alishika pumzi, akafungua dirisha, akafagia vioo akavitia ndani ya kopo, akawaambia walio ndani kwamba kuna hewa mbaya imetoka kwenye chupa, kisha akaenda msikitini kwa sala ya adhuhuri.

Madam hakuwepo. Alikuwa amekwenda Kisumu kwenye mazishi, akaniachia maabara. Nikavimba kichwa kidogo, nisiwafiche. Nikampa Hamisi chupa mbili, moja yake na moja ya mkewe, azilete zina mkojo. Jioni nikapita kwake kuchukua unyevu wa hewa. Njia yetu ilikuwa rahisi, nanyi ijueni, maana siku moja umeme utawakimbia: unajaza kopo barafu, unalipangusa kavu, unaliweka chumbani. Umande wa chumba unagandia nje ya kopo, unauchuruzisha kwenye chupa, unaupima. Nililiweka kopo pale sebuleni. Chumba cha ndani sikuingia. Mzazi yuko uzazini, mimi mwanamume wa kando, ningeingiaje? Nilisimama kando ya pazia, nikatoa salamu, Bi Mwanaisha akaitikia kutoka ndani, nikasikia mtoto anakoroma kama kipaka. Nyumba ilinukia vizuri. Nikamwambia Hamisi nyumba yake ina heshima.

Matokeo yalipotoka hayakuniingia akilini. Hamisi, aliyeuvunja mrija kwa mikono yake, alikuwa na kiasi kidogo. Zuhura, aliyelala nyuma ya pazia, alikuwa nacho mara nyingi zaidi. Na kiasi kile kisingeweza kuwa cha gesi. Kilikuwa cha maji.

Basi nikamshuku Hamisi. Nilijiambia: huyu alikuwa na taa yake ya spiriti inawaka, ile mafundi wanayopashia vyuma. Au aliuvunjia mrija chumba cha ndani, karibu na mkewe, sasa anaona haya. Nikamwita pembeni, pale kwenye ngazi za maabara.

"Fundi, ile taa ya spiriti ilikuwa wapi?"

"Rafuni. Imezimwa. Haina hata utambi, nimeagiza utambi."

"Sigara?"

"Bwana Athumani, umewahi kuniona na sigara?"

"Jiko?"

"Jiko liko uani chini ya bati, siku zote."

"Fundi, maji haya hayakujitengeneza."

Alinitazama na lile duara lake usoni. "Wallahi sikuwasha moto ndani ya nyumba yangu siku ile. Unataka niape kwa nini kingine?"

Nikamwambia sihitaji kiapo, nahitaji ukweli. Wanangu, maneno hayo nilimwambia jirani niliyesimama naye safu moja ya sala. Aliinamisha kichwa.

Kisha nikaongeza la pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Nilimwambia mkewe aache kunyonyesha mpaka nijue chanzo. Nilisema maji yale yako kwenye maziwa, na ilikuwa kweli. Sikupiga hesabu kujua ni kiasi gani. Shaka yangu ilikuwa imetangulia kalamu.

Siku zilizofuata mtaa mzima ulikuwa na maoni. Mwenye kioski alisema Hamisi alikuwa amefuga jini ndani ya chupa na sasa limetoka. Vijana wa kona walipaza sauti nikipita, "Niaje mzee wa miale! Leo umempima nani?" Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, wakaniita mzee kwa sababu ya kofia. Nyumbani kwa Hamisi kitoto kilipewa maziwa ya kopo kwa chupa. Kilikataa, kikatapika, kikashikwa na kuhara. Kilio chake kilifika hadi nyumba yangu, nyumba ya nne, na ukuta wa saruji katikati. Nilikisikia nikitia udhu, na nikaendelea kumshuku baba yake.

Madam alirudi Jumatatu. Alisoma daftari langu akiwa bado na mkoba begani. Nilikuwa nimeandika mwishoni: inaelekea mhusika hasemi kweli.

"Nani amekwambia hakukuwa na moto?"

"Hamisi."

"Hamisi alikuwa wapi saa zile, baada ya kuuvunja mrija?"

"Msikitini. Halafu akapitia mjini kununua vifaa. Alirudi alasiri."

"Kwa hiyo unamuuliza mtu aliyekuwa msikitini kilichotokea nyumbani." Akageuza ukurasa. "Na huyu bibi anayemlea mzazi? Mkojo wake uko wapi?"

Sikuwa nimeuchukua. Sikuwa nimemhesabu. Katika daftari langu lote Bi Mwanaisha hakuwa na hata jina.

"Na mtoto anakula nini?"

Nikamweleza. Madam aliweka mkoba chini polepole. Sauti yake ile ya kwaya ilishuka hadi nikalazimika kusogea nimsikie. "Athumani, umempa mtoto ugonjwa wa hakika kwa kuogopa ugonjwa wa shaka. Twende."

Tulifika Umoja kabla ya saa sita. Hamisi alitupokea mlangoni, akamsalimia Madam, mimi akanipa mkono bila kuubana. Mimi nikabaki sebuleni. Madam akavua viatu, akabisha kwa mdomo, "Hodi wenyewe," akaingia nyuma ya pazia. Mara nikasikia akikohoa. Akakohoa tena, kikohozi cha mtu asiyezoea.

"Shikamoo mama. Kuna nini humu, mbona moshi?"

"Marahaba mwanangu, karibu kitako. Si moshi, ni ubani. Mzazi hafukizwi kwenu?"

"Kwetu hapana. Mnafukiza kila siku?"

"Asubuhi na jioni. Nguo zake, nywele zake, kitanda. Mwili wa mzazi uko wazi, unaingia baridi na macho ya watu."

"Kwa hiki chombo?"

"Chetezo hicho. Makaa unayatoa jikoni uani yakiwa mekundu, unaleta ndani, unatia ubani juu."

Pale nilipokaa, wanangu, masikio yangu yalipata moto. Nilikuwa nimekulia katika moshi ule. Mama yangu alifukiza kila Alhamisi. Nilipoingia nyumba ile siku ya kwanza, nikaunusa, nikausifu! Pua iliyokuwa ikishuku chai ya ofisini ilipita juu ya makaa mekundu bila kusimama, kwa kuwa yalinukia kama nyumbani. Hamisi naye hakudanganya. Hakuwasha moto. Na kwake yeye chetezo lilikuwa jambo la wanawake nyuma ya pazia, halikumpitia hata akilini.

"Mama," Madam akauliza, "siku fundi alipovunja ile chupa, ulifukiza?"

"Siku ile!" Bi Mwanaisha alicheka kwa fahari kidogo. "Siku ile nilizidisha. Mkwe ametoka akasema kuna hewa mbaya. Hewa mbaya na mjukuu wangu yumo? Nikafunga madirisha yote, la huku na la kule. Nikaziba chini ya mlango kwa kanga. Nikatia makaa mengi, nikazunguka na chetezo nyumba nzima, kona kwa kona, mpaka adhana ya alasiri. Nilisema hewa mbaya itoke na moshi."

"Itoke wapi, mama, na umefunga madirisha?"

Halafu Zuhura, ambaye nilikuwa sijawahi kusikia sauti yake tangu ajifungue, akasema kwa unyonge, "Nilimwambia nashindwa kupumua, akaniambia ndiyo inafanya kazi."

"We Zuhura!" mama yake akasema.

"Si ulisema hivyo?"

"Nilisema. Lakini mbele ya mgeni..."

Mnaona ilivyokuwa. Hamisi alifungua dirisha, na lau lingebaki wazi gesi ingekwenda zake na hadithi isingekuwepo. Bibi akafunga, gesi ikabaki ndani, ikapita na kupita tena juu ya makaa yake mekundu, na kila ilipopita, sehemu yake ikatoka mvuke. Kwa mapenzi kamili ya mjukuu wake alijenga kiwanda cha kugeuza gesi kuwa maji, katika vyumba viwili vya Umoja. Nilipoweka kopo langu la barafu sebuleni kesho yake jioni, dirisha lilikuwa wazi tangu asubuhi na umande haukuwa na la kusema.

Tulichukua sampuli upya, na ya Bi Mwanaisha ikiwemo. Yake ilikuwa juu kuliko zote, kwani ndiye aliyekiinamia chetezo mchana kutwa. Madam hakuondoka mezani. Aliandika hesabu kwa penseli, akanipa niirudie bila kuona jibu lake, tukalinganisha. Hata kwa bibi, kiasi chote alichokipata kilikuwa sehemu ndogo ya kile ambacho mfanyakazi kama mimi aliruhusiwa kupata kwa mwaka. Kwa mama kidogo zaidi. Kwa mtoto, kwa hewa na kwa maziwa, kidogo zaidi ya hapo. Na mwili unayatoa maji hayo wenyewe: kila siku kumi hivi nusu imekwisha kwenda, na ukinywa vinywaji kwa wingi inakwenda haraka zaidi. Tukaweka kwenye mizani hiyo hiyo upande wa pili: mtoto wa wiki tatu, anahara, anakataa chupa, na amekonda katika siku nne.

"Nani atawaambia?" nikauliza.

"Nani aliwaambia waache?"

Nilirudi Umoja peke yangu alasiri ileile. Nilikuta wazee wawili wa msikiti wamekaa na Hamisi kizingitini, wamekuja kumjulia hali mtoto. Nilitamani waondoke kwanza. Halafu nikaona kwamba nilimshuku mbele ya watu, ngazi za maabara zina watu, basi na hili liwe mbele ya watu.

"Fundi Hamisi," nikasema, "uliniapia kweli nami nikakukadhibisha. Moto haukuwa wako. Na hata huo moto si kosa la mtu, hakuna aliyewaeleza. Kosa ni langu, sikuuliza wenye kujua. Nisamehe."

Alikaa akikuna lile duara la jicho. "Mtoto je?"

"Mama yake amnyonyeshe. Sasa hivi. Maziwa yake ni salama kuliko ya kopo, nimepiga hesabu na Madam amepiga. Anywe maji mengi, anywe uji, chai, supu, asihesabu. Bibi naye vilevile. Madirisha yawe wazi. Nitapima kila wiki mpaka kiishe, na kila nitakachokiona nitakuja kuwaambia, kikubwa au kidogo."

"Una hakika?"

Lilikuwa swali la haki. Mtu aliyeambiwa aache, akaacha, sasa anaambiwa aanze, ana haki ya kushuku. "Nimeirudia mara tatu," nikamwambia. "Angekuwa binti yangu, ningemrudisha kifuani kwa mama yake kabla sijamaliza sentensi hii."

Bi Mwanaisha alikuwa amesimama nyuma ya mlango, akasikia yote. "Na ubani?" akauliza.

"Fukiza nje uani, Bi Mkubwa, mpaka tuwaruhusu. Nguo ukizifukiza huko zitanukia vilevile."

"Haya," akasema. "Lakini ungekuja kuniuliza mimi siku ya kwanza, ningekwambia. Mimi sikatai mtu akiniuliza."

Wazee wawili wakatazama chini, mmoja wao nadhani alikuwa akizuia kicheko.

Hamisi aliinuka akaingia ndani. Tulisikia akisema maneno machache ya chini nyuma ya pazia. Kilio kiliendelea, kile kilio kikavu cha mtoto aliyechoka kulia, kikapanda, kikakatika mara moja katikati, kama mtu amefunga bomba. Kisha tukasikia anavyomeza, kwa pupa, na pumzi ndogo za puani. Mzee mmoja akasema, "Alhamdulillahi." Nilibaki nimesimama pale mlangoni na kofia yangu mkononi mpaka Hamisi alipotoka, akanipa mkono, na safari hii akaubana.

Mwenyezi Mungu awape nyinyi mnaosoma haya ujuzi wenye manufaa na mioyo yenye subira. Awaepushe na kuwaudhi watu kwa dhana, awape ujasiri wa kurudi mlangoni kwa mtu mliyemkosea, awalinde watoto wenu na kila hewa mbaya, na ayafanye maji yenu kuwa safi duniani na akhera. Amina.